Siku Tumbo la Gharibu Liliponyamaza

Mtu asiniambie nipunguze hasira. Katika ndoa hii nimepunguza mengi. Sauti nimeipunguza, safari za kwenda kwetu Buhigwe nimezipunguza, hata chumvi kwenye mboga nimeipunguza. Hasira hii naibakiza, ni yangu.

Ilianza Ijumaa, msikitini. Mimi nilihadithiwa na Nurudini fundi cherehani, aliyekuwa safu moja na mume wangu Gharibu. Anasema imamu amerukuu, watu kimya, mara tumbo la Gharibu likalia. Lilinguruma, likapanda, likamalizia kwa sauti nyembamba kama bomba linalotoa maji na hewa pamoja. Watu wakavumilia. Waliposujudu likalia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Nurudini akacheka, swala yake ikaharibika, na lawama akaniletea mimi dukani.

"Mama Shamsi, huyu mtu unamlisha nini? Bodaboda?"

Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza.

Lakini aliporudi mwenyewe nikaona uso wake, kicheko kikaniisha. Alikuwa ana jasho, na huku Kasulu mwezi wa sita hakuna mtu anayetoka jasho kwa kutembea kutoka msikitini. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kanzu, pale kinenani, umeshikilia. Hapo nikajua. Tuliojua tulikuwa yeye na mimi na Mungu tu.

Ngoja niseme lilivyo, maana nimeficha vya kutosha.

Sisi tunauza maharage. Gharibu ndiye anayekwenda Makere kununua kwa wakulima, na ni mtu asiyeweza kumwona mpakizi akihangaika na gunia bila kumwambia toka hapa nikuonyeshe. Miaka miwili iliyopita alimwonyesha mpakizi mmoja. Akainua gunia mpaka kwenye Fuso, kitu kikaachia kinenani. Akarudi nyumbani na uvimbe mdogo, kama ndimu. Akilala unarudi ndani, akisimama unatoka. Ngiri. Mtu yeyote angekwambia ni ngiri, na mtu yeyote angekwambia kwamba inafanyiwa upasuaji, unapona, unarudi kazini.

Ila wanaume wa huku wana yao. Kwao mwenye ngiri si mwanamume kamili. Watasema hana nguvu, watasema mke analala na ukuta, watamwita majina kijiweni. Basi Gharibu akanikalisha kitandani, akauweka mkono wangu juu ya Msahafu. "Mwamvua, hili ni langu na lako. Akijua mtu wa tatu, mimi na wewe basi." Nami nikaapa, mjinga mimi.

Tukachana kanga yangu ya zamani, tukapata kitambaa kirefu. Kila asubuhi alijifunga nacho kiunoni, akakipitisha kinenani, akakaza. Kila Alhamisi nilikifua, nikakianika chumbani kwenye kamba ya chandarua ili majirani wasiulize ni nini. Miaka miwili nilifua kitambaa kile. Anayetaka kuniuliza kwa nini sikusema, aanze kwanza kuniuliza kwa nini nilikubali kufua.

Sasa Ijumaa ile mchana alikuwa ameketi nyuma ya mizani, hataki chakula, na tumbo linalia hadi wateja wanageuka. Akaingia Therese, mama wa Kikongo anayeuza vitenge, anayekuja na mizigo yake kutoka kambi ya Nyarugusu. Therese akasimama, akasikiliza. Hakucheka.

"Mama Shamsi," akaniambia pembeni, "tumbo ya bwana iko nalia mubaya. Kaka yangu Sylvestre, ya kwake ilikuwa inalia vile vile. Siku mbili. Kisha ikanyamaza. Sisi tukaimba, tukasema Yezu amemuponya. Kesho yake akakufa." Akanishika mkono. "Usingoje inyamaze. Mumupeleke kwa munganga."

Nikamwambia Gharibu twende hospitali. Akanijibu ni gesi, kala maharage mabichi. Jioni akatapika. Nikamwambia tena. Akanyanyua simu, akampigia kaka yake.

Kaka yake ni Abdulrahmani, ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo. Baba yao alikuja huku zamani kutoka Pangani, na Abdulrahmani bado anaongea kama mtu wa pwani aliyetua jana, wakati kazaliwa hapahapa Kasulu. Kila jambo analijua. Umeme ukikatika anajua sababu. Mtoto akikohoa anajua dawa. Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na chupa ya maji ya lita moja, ndani kitu cha rangi ya kahawia chenye majani.

"Chango hilo," akasema kabla hajavua viatu. "Tumbo linalonguruma hivyo ni chango. Nimemchukulia dawa kwa mtu wangu Kibondo. Itamwendesha, uchafu wote utoke, basi."

"Shemeji, hajaenda chooni tangu juzi na anatapika. Twende hospitali kwanza."

"Mama Shamsi, wanawake mnapenda mno hospitali."

Jirani yetu Immakulata, Muha mwenzangu, alikuwa amekuja kutujulia hali, na yeye akaongeza lake. Akasema ni inzoka, minyoo, wamechachamaa wanataka nyama. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa. Mimi niliyekuwa na jina la kweli nilikuwa nachemsha chai.

Akanywa bilauri mbili. Kufika saa sita mchana tumbo lilikuwa mashine ya kusaga. Ungeweza kulisikia kutoka uani. Maumivu yanakuja kwa wimbi, anajikunja, anauma mto, tumbo linapiga kelele, halafu linamwachia dakika chache, halafu linaanza upya. Chooni hakitoki kitu. Nikamwambia shemeji kwamba kama hatumpeleki, nitatoka barabarani nipige yowe. Akakubali, kwa sababu anaogopa aibu kuliko anavyoogopa kifo.

Hospitalini tukapata daktari wa kike, Vestina, binti mfupi mwenye sauti ya upole. Nilimpenda palepale. Alimlaza Gharibu kitandani, akamtazama tumbo kwanza bila kuligusa. Kisha akaweka kile kifaa cha kusikilizia, akafumba macho, akasikiliza sehemu moja muda mrefu, akahamia nyingine. Hakuwa na haraka. Baadaye ndipo akauliza.

Lini mara ya mwisho kwenda haja kubwa? Hewa inatoka? Kutapika kumeanza lini, na matapishi yana rangi gani? Umewahi kupasuliwa tumbo? Umekula nini? Umekunywa dawa yoyote?

"Dawa ya miti shamba," nikadakia. "Bilauri mbili, asubuhi hii."

Abdulrahmani akanikata jicho.

Daktari akashusha pumzi. "Tumbo kulia kwa nguvu kuna sababu nyingi, baba," akamwambia Gharibu. "Mwenye njaa linalia. Anayeharisha linalia. Chakula kisichomkubali mtu kinaliliza, na dawa kama hiyo uliyokunywa inaliliza pia, kwa hiyo umenichanganyia mambo. Lakini wewe huli, huharishi, hewa haitoki, na unatapika. Sauti ninayoisikia ni nyembamba, inakuja pamoja na maumivu. Utumbo unasukuma kitu na kitu hakipiti. Lazima nijue pamezibika wapi." Akaweka mkono kwenye ukingo wa kikoi cha Gharibu. "Nataka nione na kinenani. Kuna uvimbe wowote huko?"

"Hakuna," akasema Gharibu.

"Niangalie tu."

"Hakuna! Na wewe ni mwanamke. Nina udhu."

Udhu! Mtu ametapika mara nne tangu asubuhi, ana udhu gani?

Daktari hakukasirika. Akasema atamwita muuguzi wa kiume, Makarius, aangalie yeye. Gharibu akasema hata Makarius hataki, yeye anaumwa tumbo, kinena hakihusiki. Ndipo binti yule akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Kuna kitu unakijua?"

Gharibu akanitazama. Abdulrahmani akanitazama. Kitambaa cha kanga yangu kilikuwa pale chini ya kikoi, shibiri moja kutoka mkono wa daktari. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

"Sijui," nikasema.

Neno moja. Nimelirudia kichwani mara nyingi mpaka limekuwa halina maana. Sijui. Mimi, niliyefua.

Daktari akaandika alazwe, apigwe eksirei, awekewe dripu, asile wala asinywe. Gharibu akasema hatalala hospitali. Abdulrahmani akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. "Tutarudi kesho tukiona halijatulia," akasema. Vestina akatufuata mpaka kwenye ngazi, akatusihi kama ndugu. Akasema kesho ni mbali. Shemeji akamjibu asante, mwanangu. Tukapanda bajaji.

Jumapili asubuhi lilitulia.

Niliingia na maji ya kunawa, nikakuta kimya. Abdulrahmani ameketi kando ya kitanda, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Alhamdulillahi! Unasikia? Hulisikii! Dawa imefanya kazi. Mpikie uji, mama, mwepesi, weka na siagi."

Maneno ya Therese yakanirudia yote, hadi harufu ya vitenge vyake vipya. Nikaweka maji chini. Gharibu alikuwa amelala chali, uso rangi ya majivu, midomo mikavu, tumbo limepanda na kukaza. Nikainama, nikaweka sikio langu juu yake. Nimelala na tumbo lile miaka kumi na tisa, nalijua linavyosema usiku, linavyosema baada ya wali. Nilisikiliza sana. Ilikuwa sawa na kuweka sikio ukutani.

"Shemeji, toka nje kidogo," nikasema.

Akatoka. Nikafungua kikoi, nikafungua kitambaa. Ule uvimbe haukuwa ndimu tena. Ulikuwa kama ngumi yangu, mgumu, ngozi nyekundu inang'aa, na nilipougusa kwa ncha ya kidole Gharibu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Imana yanje," nikasema. Nikiogopa humwita Mungu wangu kwa Kiha.

Akanishika mkono. Hakuwa na nguvu ya kunibana. "Ukisema," akanong'ona, "ujue ndoa hakuna."

Watu wangu! Mtu anakufa, anatumia pumzi iliyobaki kunitishia talaka! Hapo ndipo hasira ilipoingia, na haijatoka. Ilianzia miguuni. Nikakunja kile kitambaa nikakisokomeza kifuani, nikatoka nje nikaita bajaji, nikamwambia Abdulrahmani, "Shika miguu yake. Ukinijibu neno lolote nitapiga yowe soko zima lije." Akashika miguu.

Vestina alikuwa zamu. Alipotuona hakusema niliwaambia. Aliweka kifaa chake, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza, akahamisha. Alisikiliza mpaka Abdulrahmani akaanza kugongagonga kiatu sakafuni. Daktari akanyanyua uso.

"Limenyamaza tangu lini?"

"Tangu alfajiri!" shemeji akasema kwa furaha. "Amepona, daktari. Ni huyu mwanamke tu, ana wasiwasi, ndiye aliyetuleta."

Daktari hakumtazama. Akainama karibu na sikio la Gharibu. "Baba, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kinenani kuna uvimbe?"

Na yule mtu, na macho yake yameingia ndani, akatikisa kichwa. Hakuna.

"Kuna!" nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitumia tangu nikiwa msichana nafukuza nyani shambani. Wodi nzima ikageuka. "Ana ngiri! Miaka miwili ana ngiri, anaifunga kwa kanga yangu, na jana nilikudanganya, daktari, nilisema sijui na nilikuwa najua! Hii hapa!" Nikakitoa kitambaa kifuani nikakitupa mezani, juu ya mafaili. Kisha nikakishika kikoi cha mume wangu kwa mikono yangu miwili nikakifunua.

"Astaghfirullah!" Abdulrahmani akaruka. "Unamvua mumeo mbele ya watu?"

"Namvua kabla hamjamvisha sanda!"

Binti Vestina alikwisha kuona. Alikwisha kuita Makarius, machela, dripu, mpira wa kupitisha puani, watu wa chumba cha upasuaji. Sikuwahi kuona upole ukikimbia namna ile. Gharibu alinipita akiwa juu ya machela, hakufumba macho. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na mkewe.

Tulikaa kwenye benchi muda wa saa tatu. Vestina alipotoka alikaa karibu yangu, akaniambia kama mtu mzima anavyoambiwa. Utumbo ulikuwa umetoka kwenye lile tundu, umenaswa, umekabwa, damu haipiti. Kipande chake kilikuwa kimekufa, urefu wa viganja viwili. Wamekikata, wameunganisha. Nikamuuliza, na yale makelele? Akasema utumbo wenye afya ulikuwa unasukuma kwa nguvu zake zote upenye pale palipobanwa, ndiyo makelele ya siku ya kwanza. Ulipochoka, ukaacha.

"Mngemleta jana asubuhi, kabla ya ile dawa, pengine kisingekatwa kitu," akasema. Halafu akasema na lingine. "Kama asingelala huku akiwa amekikaza kitambaa."

Nani aliyekichana kitambaa?

Gharibu alizinduka, akanitazama, akageukia ukutani. Siku tatu hakunipa neno. Makarius akimuuliza hali anajibu. Mtu wa kitanda cha pili akimuuliza mechi anajibu. Mimi nampangusa midomo kwa pamba yenye maji, mimi namwaga ndoo, mimi nalala sakafuni kwenye kanga, kwangu mdomo umeshonwa. Siku ya pili tu alisema, akiuambia ukuta, "Umeniaibisha mbele ya kaka yangu." Nikamwambia kaka yako ndiye aliyekuwa anataka upikiwe uji wa mazishi. Akafumba macho.

Kila asubuhi Vestina alikuja na kifaa chake. Alisema utumbo uliokatwa hulala, na hataruhusu hata kijiko cha chai mpaka ausikie umeamka. Akisikiliza mimi nasimama miguuni pa kitanda, nimebana pumzi. Siku ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya tatu alisikia kitu kidogo, akasema tusubiri. Mimi, niliyecheka Ijumaa, nikawa naomba Mungu tumbo la mume wangu lilie.

Siku ya nne, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa ndugu na mabakuli. Abdulrahmani kaingia, kasimama karibu na dirisha na chupa ya chai ambayo nimemkataza asiifungue. Mara likalia. Bila kifaa, bila daktari. Ngurrr, refu, likashuka taratibu, likamalizia kwa kishindo kidogo. Mtu wa kitanda cha pili akaacha kutafuna. Watoto wakacheka. Gharibu akalivuta blanketi kwa haraka, akajifunika mpaka kidevuni, masikio yamemwiva kwa haya.

Nikalifunua lile blanketi. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni na bado nilikuwa na hasira. "Acha liseme!" nikamwambia. "Wewe si umekataa kusema na mimi? Acha lenyewe liseme."

Hakulivuta tena blanketi, na mkono wake aliuacha pale wangu ulipokuwa.

Nikatoka kwenda bombani kuosha uso. Abdulrahmani akanifuata. Nilijua anakuja kunipa mawaidha, nikajiandaa kumjibu. Akasimama, akatazama viatu vyake, akatazama watu wanaofua, akatazama tena viatu.

"Mama Shamsi. Huyu daktari wa kike. Huwa yupo siku zipi?"

"Wa nini?"

Nikauona mkono wake wa kulia unashuka taratibu chini ya koti, pale kinenani, na kushikilia. Mkono ule nimeuona kwa mume wangu miaka miwili, kila anapokohoa, kila anapoinuka. Bomba likawa linamwaga maji, nikasahau kulifunga.

"Miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na moja."

"Na Zaitun anajua?" Zaitun ni mkewe, yuko Kibondo. Kila Idi tunapika pamoja, tunakaa jikoni mimi na yeye kutwa nzima, tunawasema watu wote.

Abdulrahmani akawatazama tena wale wanaofua.

"Ndiye anayefua," akasema.

Sikumpiga. Wallahi mkono uliinuka, lakini sikumpiga. Jumamosi ile alisimama pale kitandani, ngiri anaijua, mwili wake mwenyewe unaijua, na akamnywesha mdogo wake bilauri mbili za dawa ya chango. Nikafunga bomba, nikatoa simu, nikampigia Zaitun, naye amesimama palepale ananisikia.

Zaitun akapokea kwa furaha. "Wifi! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tumbo limelia," nikasema. "Zaitun, hicho kitambaa cha Abdulrahmani unakianika wapi?"

Nikasikia kuku wake, nikasikia pikipiki ikipita barabarani Kibondo. Halafu nikasikia analia, kilio cha mtu aliyekuwa amekaa nacho muda mrefu.

"Chumbani," akasema. "Nyuma ya kabati."

"Kesho panda gari la kwanza uje Kasulu. Njoo nacho," nikamwambia. "Na usikifue."